Mwongozo wa Kuamua Ugomvi kati ya Maikrowevu na Wi-Fi

Mgonjwa wa kwanza katika nyumba yenye maikrowevu huwa ni Wi-Fi, si binadamu. Mechi iko dakika za lala salama, mshambuliaji kabaki na kipa, na picha inaganda. Sebule nzima inailaani kampuni ya intaneti mpaka kizazi chake cha tatu. Hakuna anayegeuka kutazama jikoni, ambako shangazi anapasha pilau la jana. Kengele inalia, sahani inatoka, picha inarudi, na bao limeshafungwa.

Mwongozo huu ni wa kaya hiyo. Nauandika kwa moyo wote, maana nimechoka kuona watu wazima wakikaa mita nne kutoka kwenye maikrowevu kwa hofu ya saratani, kisha haohao wanamkabidhi fundi wa mtaani aifungue na kuichokonoa kwa bisibisi. Wameogopa pasipostahili, na panapostahili kuogopwa wamepaachia.

Mjue kwanza mpangaji mkorofi

Ndani ya maikrowevu kuna kifaa kiitwacho magnetroni. Aina inayotumika leo ilitokana na kazi ya wanafizikia John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, mwaka 1940, nayo ilikuwa kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945, Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon ya Marekani, alikuwa amesimama karibu na magnetroni iliyowashwa akakuta kitafunwa cha mfukoni mwake kimeyeyuka. Wengine wangefua suruali yakaisha. Yeye akaleta mahindi ya bisi akayalipua. Mashine za kwanza zilizoingia sokoni baada ya hapo, zikiitwa Radarange, zilikuwa na kimo cha mtu mzima na uzito wa zaidi ya kilo 300. Ya kuweka mezani, ya bei ambayo familia ya kawaida ingeweza kuifikiria, ilitoka 1967.

Magnetroni ya jikoni kwako hutoa mawimbi ya gigahezi 2.45 hivi. Wapo wanaosema masafa hayo yalichaguliwa kwa sababu ndiyo pekee yanayotikisa maji. Si kweli, maji yangenyonya mawimbi ya masafa ya juu zaidi kwa pupa kubwa zaidi, na chakula kingeungua juu kikabaki baridi ndani. Masafa haya yalipatikana kwa makubaliano. Mwaka 1947, mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City, Marekani, ulitenga eneo hilo la mawimbi kwa mashine za viwandani, za kisayansi na za tiba, yaani mashine zinazotumia mawimbi kufanya kazi, si kuzungumza. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ikaruhusu na vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni viingie humohumo, kwa sharti kwamba vivumilie kelele zozote vitakazozikuta. Kiwango cha kwanza cha Wi-Fi kikatangazwa 1997. Ikafuata Bluetooth, kipanya kisicho na waya, spika ya sebuleni, kamera ya getini na kile kifaa cha kusikiliza mtoto akilia chumbani.

Basi gigahezi 2.4 ni nyumba ya kupanga isiyolipiwa kodi. Maikrowevu ndiye mpangaji wa zamani, mwenye spika kubwa. Wi-Fi amehamia majuzi, na sauti yake ni ya kunong'ona. Hesabu yenyewe ni hii: magnetroni hutoa wati 800 au zaidi ndani ya lile sanduku la bati. Ruta ya kawaida hutoa takriban wati 0.1. Sehemu moja tu katika elfu kumi ya mawimbi ya maikrowevu ikipenya nje, tayari inakaribia nguvu yote ya ruta yako. Na maikrowevu nzima, mpya, yenye kila muhuri wa ubora, huruhusiwa kisheria kupenyeza kiasi kidogo. Kuvuja kiasi hicho si ubovu. Ndivyo zinavyotengenezwa.

Simamisha kesi, chukua ushahidi

Usipige simu huduma kwa wateja kabla hujafanya jaribio hili.

Weka ndani ya maikrowevu glasi ya maji ya bomba, robo lita na ushee. Wapimaji wa Marekani hutumia mililita 275 katika kipimo chao rasmi, kwa hiyo uko katika ukoo mzuri. Usithubutu kuiwasha ikiwa tupu. Mawimbi yakikosa cha kupasha humrudia magnetroni mwenyewe. Unganisha simu na Wi-Fi ya gigahezi 2.4. Ruta nyingi za sasa zina majina mawili, na hilo la pili lenye 5G au 5GHz mwishoni uliache kando kwa sasa. Simama hatua moja kutoka kwenye maikrowevu, pima kasi ya intaneti. Kisha washa dakika moja kwa nguvu zote, upime tena wakati maji yanazunguka. Rudia ukiwa mlango wa jikoni. Rudia ukiwa sebuleni. Kasi ikishuka ukiwa karibu na kupanda kadiri unavyoondoka, mshtakiwa umempata.

Ukitaka ushahidi mtamu zaidi, badilisha maji, weka nguvu ya kuyeyushia barafu, na acha video ikicheza. Maikrowevu nyingi za kawaida haziwezi kupunguza nguvu ya magnetroni. Huiwasha sekunde kadhaa na kuizima sekunde kadhaa. Utasikia mngurumo ukizidi na kupungua, na intaneti itakuwa inakuja na kuondoka kwa zamu na mngurumo huo. Hapo huhitaji shahidi mwingine.

Kuna jambo jingine linalonipendeza katika mgogoro huu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na magnetroni ya kawaida hufanya kazi katika nusu tu ya kila mzunguko. Maana yake hupiga kelele milisekunde 10, hunyamaza milisekunde 10, mara 50 kila sekunde. Ruta hujitahidi kupitisha mzigo wake kwenye zile nafasi za ukimya, na mzigo usiopita huutuma upya. Ndiyo sababu ujumbe wa maandishi unafika salama wakati pilau linapashwa, lakini simu ya video na mama aliye Muscat inakatika maneno. Ujumbe unaweza kusubiri. Uso wa mama hauwezi.

Usimbambikie kesi asiyehusika. Taa zikififia maikrowevu inapoanza kunguruma, shida yako ni umeme, si mawimbi: mashine ya wati 800 za kupashia huvuta wati 1,200 au zaidi ukutani, na kama umeiunga kwenye ekstensheni moja na friji, ruta na televisheni, utapata matatizo ambayo hayahusiani na redio hata kidogo. Ipe soketi yake ya ukutani. Na king'amuzi cha dishi kikikwama wakati mawingu yamefunga, hiyo ni mvua. Dishi hupokea mawimbi ya gigahezi zaidi ya 10, mbali na jiko lako.

Hukumu: wahamishwe

Dawa ya kwanza ni umbali, nayo ni ya bure. Mawimbi yanayovuja hupungua haraka sana: kiasi unachopata sentimita 50 kutoka kwenye mlango ni kama sehemu moja ya mia ya kile kilichopo sentimita 5. Kwa hiyo iondoe ruta juu ya friji. Najua ipo juu ya friji, kwa sababu ndipo fundi aliyekuja kufunga intaneti alipoona soketi. Ipeleke sebuleni, juu ya kabati, mahali pa wazi, na hakikisha mstari kutoka kwenye ruta hadi unapokaa haukatishi jikoni. Kinachokusumbua mara nyingi ni kwamba maikrowevu imesimama katikati yako na ruta, au uko karibu nayo kuliko ulivyo karibu na ruta.

Dawa ya pili ni kuhamia gigahezi 5. Huko maikrowevu haifiki. Lakini mawimbi ya 5 huchoka haraka yakikutana na kuta, na kuta zetu za tofali za saruji haziyaonei huruma; chumba cha mwisho cha korido kinaweza kukosa kabisa. Televisheni na kompyuta ya kazi zipeleke 5, kamera ya getini iache 2.4. Kama kifaa kinakubali waya, kipe waya. Waya hauna ugomvi na mtu.

Ukibaki kwenye 2.4, ingia kwenye mipangilio ya ruta ubadilishe chaneli. Chaneli ya 1 iko kwenye megahezi 2412, ya 6 kwenye 2437, ya 11 kwenye 2462. Maikrowevu nyingi hupiga kelele zaidi kuanzia katikati kwenda juu, kwa hiyo mara nyingi chaneli ya 1 ndiyo inayopata nafuu. Jaribu zote tatu kwa ile glasi ya maji kabla hujaamua.

Waliotafuta mbinguni, wakakuta jikoni

Asiyeamini kwamba jambo hili linaweza kumchanganya mtu mwenye akili zake asikilize habari ya Parkes. Huko New South Wales, Australia, kuna darubini ya redio yenye sahani ya upana wa mita 64, moja ya masikio makubwa ya binadamu kwa anga. Wanaastronomia wake walikuwa na fumbo. Tangu 1998 rekodi zao zilikuwa na milipuko mifupi ya mawimbi, karibu na gigahezi 1.4, iliyofanana vibaya na ishara halisi kutoka nje ya kundi letu la nyota. Ilijulikana kwamba chanzo kiko hapa duniani, kwa kuwa ilisikika kila upande wa darubini kwa pamoja, tena ilipenda kutokea mchana watu wakiwa kazini. Radi? Ndege? Hakuna aliyejua.

Mwaka 2015 timu iliyoongozwa na Emily Petroff ikatoa jibu. Ilikuwa ni maikrowevu ya kituoni. Si maikrowevu inayopasha kwa utulivu, bali ile ambayo mtu mwenye njaa ameifungua kabla muda haujaisha. Katika ile sekunde mlango unapofunguliwa na magnetroni kuzimika ghafla, hutoka mlio mfupi wa mawimbi ya masafa mengine, na darubini ikiwa imeelekea upande unaofaa huupokea vizuri kabisa. Wanasayansi walirudia kitendo hicho makusudi mpaka wakaipata ishara ileile. Uzuri ni kwamba baada ya kuitenga ishara ya jikoni, ishara halisi za angani zilibaki zimesimama imara kuliko mwanzo. Naipenda habari hii kuliko nyingi za sayansi, kwa sababu watu walikubali kutazama mahali pa aibu na jibu likapatikana hapo.

Kwa hiyo agizo: bonyeza kitufe cha kusimamisha, ngoja mngurumo uishe, ndipo ufungue. Huna darubini nyumbani, lakini una swichi ndogo za mlangoni ambazo kazi yake ni kukata umeme mlango ukifunguliwa. Kila unapozilazimisha zikate mashine ikiwa kazini, unazila.

Kuhusu mwili wako

Sasa tuseme la hofu, waziwazi. Mawimbi ya maikrowevu hayana nguvu ya kuvunja chembe za urithi kama eksirei. Yanachofanya ni kupasha joto. Hayakifanyi chakula kuwa na mionzi, na hayabaki ndani ya sanduku ukishazima, kama ambavyo mwanga haubaki chumbani ukizima taa. Hatari ya kweli ya kuvuja kukubwa ni kuungua, na sehemu zenye damu kidogo ya kuondoa joto, hasa lenzi ya jicho, ndizo dhaifu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kuwapo kwa viwango. Marekani, tangu 1971, maikrowevu mpya haitakiwi kuvuja zaidi ya miliwati 1 kwa sentimita ya mraba, ikipimwa sentimita 5 kutoka kwenye uso wake, na katika maisha yake yote isizidi miliwati 5. Kiwango cha kimataifa nacho kinakomea kwenye 5 hiyohiyo. Kiasi hicho kiko chini sana ya kile kinachojulikana kudhuru. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo amuulize daktari wake; vya siku hizi vimekingwa vizuri kuliko vya zamani.

Kwa hiyo maikrowevu inaweza kuitesa Wi-Fi yako kila siku ikiwa iko ndani ya sheria na mbali kabisa na kukudhuru. Simu husikia mnong'ono, ngozi haisikii. Kukatika kwa intaneti hakuthibitishi kwamba unaungua.

Kwa sababu hiyohiyo, acha jaribio la kuweka simu ndani ya maikrowevu na kuipigia. Ikiita, watu hupiga kelele kwamba inavuja. Simu imeundwa kunasa mawimbi dhaifu mno, na mengi si ya masafa ambayo sanduku lile lilikusudiwa kuyazuia. Kuita hakuthibitishi kitu, na kutoita hakuthibitishi kitu. Kinachothibitika ni kwamba siku moja mtoto atabonyeza kitufe simu ikiwa ndani. Usiifunike mashine kwa karatasi ya aluminiamu pia. Utaziba matundu ya kupumulia na kuita moto.

Kagua mlango kama unavyokagua tairi

Mawimbi haya yana urefu wa sentimita 12 hivi. Ule wavu mweusi kwenye kioo una matundu ya milimita moja au mbili, kwa hiyo mwanga unapita nawe unaona chakula, mawimbi hayapiti. Pembeni mwa mlango, nyuma ya ule ukingo wa plastiki, kuna mfereji wa chuma uliopimwa kwa makini kuyarudisha mawimbi yanayojaribu kupenya kwenye upenyo. Mfereji huo haufanyi kazi vizuri mlango ukikaa upande.

Kwa hiyo piga magoti, washa tochi ya simu, tazama. Bawaba zimelegea? Lachi moja imevunjika na mlango unafungwa kwa kusukumiwa kiti? Kioo kimepasuka hadi kwenye wavu? Kuna kutu iliyotoboa bati, hasa kona ya chini ambako mchuzi hukusanyika? Lolote kati ya hayo likijibiwa ndiyo, mashine imesimamishwa kazi leo. Kama ni uchafu tu, mafuta ya kuku yaliyoganda kwenye ukingo na punje za wali kwenye lachi, weka bakuli la maji na vipande vya limao, pasha dakika tatu, acha mvuke ulainishe, futa kwa kitambaa. Usitumie waya wa kusugulia sufuria. Vipande vyake vitabaki na vitapiga cheche. Na kile kibao cha kahawia chepesi kilichoko ukutani kwa ndani si takataka ya kiwandani. Ndiyo pazia la tundu ambamo mawimbi huingilia. Kikijaa mafuta kitaungua, kwa hiyo kifute, usikibandue.

Mlango si wa kutundikia taulo, na si wa mtoto kubembea.

Fundi na dairekti yake

Hapa naomba uniamini kuliko mahali pengine popote. Ndani ya maikrowevu kuna transfoma inayopandisha umeme hadi takriban volti 2,000, na kapasita inayohifadhi chaji kali hata baada ya kuchomoa plagi. Mtu anaweza kuchomoa, akanywa chai, akafungua, akagusa, akafa. Mawimbi hayana habari naye, ni umeme. Fundi asiyeanza kwa kutoa chaji ya kapasita kwa njia salama hajui alichokifungua, na wewe uliyemwita ndiye utakayesimulia msiba.

La pili ni zile swichi za mlangoni. Kwa kawaida ziko tatu, na moja imewekwa makusudi ili wenzake wakishindwa, ikate fyuzi na mashine ife. Mashine inayokata fyuzi kila ukifungua mlango inakwambia kwamba swichi zimechoka. Fundi anayeondoa fyuzi na kuweka kipande cha waya, au anayezipiga swichi dairekti ili mashine iwake, ameirudisha kwako ikiwa na uwezo wa kunguruma mlango ukiwa wazi. Hiyo ndiyo maikrowevu pekee ninayoiogopa, na nawaomba mafundi, ndugu zangu, mkatae kazi hiyo hata mteja akilia. Swichi mpya si kitu cha bei kubwa.

Neno moja kwa waliotumiwa mzigo kwenye kontena na mjomba aliye Marekani. Maikrowevu ya huko imeundwa kwa volti 120 na hezi 60. Transfoma ya kushushia volti inabadilisha volti tu. Hezi zinabaki 50. Mashine ya aina ya kawaida itapata moto kupita kiasi, na nyingine saa yake itachelewa. Mshukuru mjomba kwa nguo.

Na maikrowevu iliyokufa mlango usiipeleke kijijini kwa bibi, usimpe dada wa kazi aende nayo kwao, usiiuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu ikiwa nzima, kwani kesho itakuwa mezani kwa mtu mwingine. Ichomoe, kata waya wake sentimita chache kutoka kwenye mashine, kisha ndipo uitoe nje.